Taa Imewaka, Picha Ni Nyeusi

Wapiga picha wa studio ndogo wanaijua hali hii. Familia imepangwa mbele ya kitambaa, baba amekaa, mama amesimama nyuma yake, watoto wamevaa nguo za Idi. Mpiga picha anabonyeza, taa mbili kubwa zinawaka kwa pamoja na kila aliyemo chumbani anaziona. Kwenye kioo cha kamera, robo ya chini ya picha ni nyeusi tii, miguu ya watoto haionekani. Anabonyeza tena, vilevile. Anasogeza taa, anaziongezea nguvu, weusi uko palepale.

"Shikamoo mwalimu, taa yangu imekufa." Simu nyingi ninazopokea msimu wa harusi na mahafali huanza hivyo, na mara nyingi taa haijafa. Kamera nayo ni nzima. Mashine mbili zilizotakiwa kufanya kazi kwa pamoja zimepishana kwa muda mdogo kuliko ule wa kupepesa jicho, na picha yenyewe imeshaonyesha, kwa umbo la giza lake, ni ipi iliyochelewa. Natamani sana vijana wanaokula kwa kazi hii wajifunze kulisoma giza hilo. Nimeona pesa ya kodi ya chumba ikinunuliwa taa mpya, na taa mpya ikifika, picha inakatwa mahali palepale.

Tuanze na huo mkanda mweusi, maana ndio unaosumbua wengi. Ndani ya kamera nyingi za kubadilisha lenzi, mbele ya sensa, kuna mapazia mawili ya shata. Ukibonyeza, pazia la kwanza hushuka na kuiacha sensa wazi. Muda uliouchagua ukiisha, la pili hushuka na kuifunika. Mapazia hayo yana mwendo wao, na mwendo huo haubadiliki, uwe umechagua kasi kubwa au ndogo. Ukiweka 1/60 ya sekunde, la kwanza linafika chini, sensa yote inabaki wazi kwa kitambo, ndipo la pili linapoondoka juu. Ukiweka 1/1000 hakuna kitambo hicho. Pazia la pili linaondoka wakati la kwanza bado liko njiani, na hakuna hata nukta moja ambapo sensa yote iko wazi. Kinachopita mbele yake ni mwanya mwembamba, kama mtu anayesoma gazeti kupitia ufa unaosogezwa kutoka juu hadi chini. Mwanga wa jua hauna shida na mwanya huo kwa kuwa unaendelea kumulika muda wote unapopita. Flashi huwaka na kuzimika, kwa taa nyingi za studio ndani ya takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde, na eneo la sensa lililokuwa limefunikwa wakati huo halipati kitu.

Ndiyo maana kila kamera ya aina hii ina kikomo, yaani kasi ya juu kabisa ambayo sensa yote huwa wazi kwa pamoja. Canon 6D kikomo chake ni 1/180. Canon 5D Mark IV na Nikon D3500 ni 1/200. Nikon D850 na Sony A7 III ni 1/250. Namba hiyo imo katika kitabu cha maelekezo cha kila kamera, na kwa mpiga picha wa studio hakuna namba muhimu kuliko hiyo katika kitabu kizima. Mkanda hutokea chini ya picha kwa sababu lenzi huipindua taswira: pazia la pili linaanza kufunika juu ya sensa, na juu ya sensa ndiko inakoangukia miguu ya watu.

Mtu atauliza, mbona kamera haikunizuia? Ukiweka flashi ya kampuni ileile juu ya kamera, inakuzuia. Inaitambua, na haikuruhusu kuvuka kikomo. Lakini triga, yaani kile kifaa cha redio kinachokaa juu ya kamera kuamsha taa, nyingi za bei nafuu hutumia mguso mmoja tu, ule wa katikati ya kitako cha juu ya kamera, na kwa kamera mguso huo ni swichi isiyo na jina. Haijui kama kuna taa upande wa pili, kwa hiyo inakuacha uende hata 1/2000. Waya wa kuchomeka kwenye tundu la ubavuni ni hivyohivyo.

Kuna giza jingine, ndugu wa mkanda huo, nalo huwadanganya hata wenye uzoefu. Hukuvuka kikomo, uko kwenye 1/200 iliyoandikwa kitabuni, lakini ukingo mmoja wa picha umefifia polepole bila mstari mkali. Hapo mara nyingi aliyechelewa ni triga. Kupokea amri, kuituma kwa redio na kuifikisha kwenye taa kunakula muda, na ingawa ni mdogo sana, kwenye kikomo hakuna nafasi ya kupoteza. Taa kubwa za zamani zikiwa kwenye nguvu kamili nazo huwa na mwako mrefu wenye mkia, na pazia la pili huukata mkia huo. Tiba ya yote mawili ni kushuka hadi 1/160 au 1/125 na kubaki hapo.

Kabla hujailaumu shata, geuza kamera. Piga picha moja kamera ikiwa imelala, nyingine ikiwa imesimama. Giza likigeuka pamoja na kamera, likahama kutoka chini ya picha hadi pembeni, tatizo ni la shata na muda. Giza likibaki upande uleule wa ukuta, tatizo liko chumbani: softboksi imeelekezwa vibaya, au mwavuli umekinga mwanga wa taa nyingine. Jaribio hili halina gharama yoyote, nalo humaliza mabishano mengi.

Wengi hawapendi kushuka hadi 1/125. Wanaogopa picha itakosa ukali, mtoto atatikisika. Hofu hiyo inatokana na kupiga picha nje, ambako kasi ya shata ndiyo inayogandisha mwendo. Studioni anayegandisha mwendo ni taa. Harold Edgerton, mhandisi wa chuo cha MIT kule Marekani aliyeanza kuzifanyia kazi taa hizi mwanzoni mwa miaka ya 1930, alipopiga mwaka 1964 picha ya risasi ikitoboa tufaha, hakutegemea shata ya haraka. Chumba kilikuwa giza, shata ikiwa wazi, na kilichoandika picha ni mwako usiofika hata sehemu moja ya milioni ya sekunde. Ukitaka kuhakikisha kwamba studio yako nayo iko hivyo, zima taa zako, weka 1/125, f/8 na ISO 100, piga. Picha ikitoka nyeusi yote, mwanga wa chumba hauna mchango wowote, na ukiwasha taa, ukali wote utatoka kwao. Picha ikionyesha dirisha au balbu ya darini, funga pazia la dirisha, zima balbu, kisha endelea na kazi.

Zipo flashi zinazovuka kikomo kwa kuwaka mfululizo wa miwako midogo muda wote mwanya unapopita. Olympus waliuleta ufundi huo sokoni katika miaka ya 1980 kwa kamera yao ya OM-4Ti. Siku hizi taa nyingi za betri zinaweza, ilimradi triga iwe ya aina ya kamera yako na mpangilio huo uwe umewashwa kwenye triga au kwenye menyu. Gharama yake ni nguvu: taa inatoa mwanga pungufu sana. Kwa picha za bustanini saa nane mchana ni msaada mkubwa. Ndani ya studio sioni haja yake.

Sasa tuje kwenye giza kamili, picha nyeusi pande zote, au picha yenye mwanga wa chumba peke yake. Hapa swali la kwanza ni dogo: taa imewaka au haikuwaka? Kama haikuwaka, nenda kwa mpangilio ukianzia kwenye taa kurudi nyuma, usianzie kwenye kamera. Bonyeza kitufe cha majaribio kilicho mgongoni mwa taa. Ikiwaka, taa ni nzima. Bonyeza kitufe cha majaribio cha triga. Taa ikiwaka, redio ni nzima, chaneli zinalingana, betri zinatosha. Kilichobaki ni pale triga inapokutana na kamera, au mipangilio ya kamera. Kwa vitufe viwili umeshajua pa kutafuta. Kijana anayeanza kwa kubadilisha lenzi, kisha kadi, kisha betri ya kamera, anaweza kumaliza saa nzima na mteja akiwa amesimama.

Triga na kamera hukutana kwenye kile kitako cha chuma juu ya kamera. Huku kwetu pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, hewa ya chumvi na jasho la mikono hujenga utando juu ya vile vishina vidogo vya shaba. Havionekani vichafu, lakini umeme haupiti vizuri, na taa inakuwa inawaka picha moja, inaacha mbili. Zima kamera, toa triga, sugua miguso taratibu kwa kifutio cha penseli, pangusa kwa kitambaa kikavu. Ukiirudisha triga, isukume hadi mwisho kabisa kisha kaza gurudumu lake. Triga iliyobaki nusu milimita nyuma inakaa kwenye kitako vizuri tu, ila haigusi pale panapotakiwa. Kama unatumia waya badala ya redio, mshuku waya kabla ya kitu kingine chochote, kwa kuwa hukatikia ndani karibu na kichwa huku ganda la nje likiwa zima.

Kwa wanaoanza kazi kuna jambo la kujua kabla ya kununua. Canon, katika baadhi ya kamera zao za bei ya chini, zikiwemo 2000D, 4000D na 250D, waliondoa ule mguso wa katikati kwenye kitako. Flashi za Canon zenyewe zinazungumza na kamera hizo kwa miguso mingine, lakini triga na flashi zinazotegemea mguso wa katikati peke yake hazitawaka, hata uzisafishe vipi. Kamera hizi ni nzuri kwa bei yake. Anayekusudia kufungua studio, hata ya picha za pasipoti, aipindue kamera dukani atazame kitako kwa macho yake, au aende na triga yake aijaribu palepale kabla hajalipa. Anayenunua Sony ya zamani naye aangalie: kabla ya mwaka 2012 kamera zao za Alpha zilikuwa na kitako cha urithi wa Minolta, chenye umbo tofauti na la wengine wote, na triga ya kawaida haiingii bila kiunganishi.

Kama miguso ni safi na ipo yote, fungua menyu utafute neno lolote linalohusu ukimya. Katika kamera nyingi zisizo na kioo cha ndani, kupiga kimya maana yake mapazia hayatumiki kabisa. Sensa inasomwa mstari kwa mstari kwa njia ya elektroniki, na usomaji huo kwa kamera nyingi ni wa polepole kuliko mwendo wa mapazia, kwa hiyo watengenezaji huizima flashi ili usipate picha yenye vipande. Mtu amepiga ndoa kanisani Jumamosi, akaweka ukimya ili asiwasumbue wanaosali, Jumatatu yuko studioni na taa haziwaki. Rudisha shata ya mapazia. Canon za kioo cha ndani nazo zina mtego wao: ukipiga kwa kutazama kwenye skrini huku upigaji wa kimya ukiwa umewashwa, flashi isiyo ya Canon haiwaki. Uzime. Teknolojia inaelekea kulimaliza tatizo hili, kwani Sony a9 III iliyotangazwa Novemba 2023 husoma sensa yote kwa mara moja na flashi hufanya kazi nayo hadi 1/80000, lakini bei yake bado iko mbali na mifuko ya studio nyingi za mitaani.

Kuna lalamiko moja ambalo naliweka hapa ingawa halihusu flashi, kwa sababu huletwa kila mara kama tatizo la flashi. Mtu kahamia kamera isiyo na kioo, kaweka 1/125, f/8, ISO 100 kama kawaida, na skrini imekuwa nyeusi, hamwoni hata mteja. Anaongeza ISO hadi 3200 ili aone, kisha taa zinaunguza picha. Kamera inamwonyesha picha itakavyokuwa bila flashi, na haijui kwamba flashi itawaka. Kila kampuni imeweka kwenye menyu mahali pa kuzima uonyeshaji huo. Ukiuzima, skrini inang'aa na mipangilio yako inabaki kama ilivyokuwa.

Tukirudi kwenye lile swali la kama taa imewaka au haikuwaka, jibu gumu zaidi ni kwamba taa imewaka, umeiona kwa macho yako, uko kwenye 1/125, na bado mwanga wake haumo kwenye picha. Hii hutokea kwa wanaotumia flashi ndogo ya kamera kuamsha taa za studio kupitia lile jicho la taa linaloitikia mwako. Flashi ya kamera ikiwa kwenye hali ya kujipimia yenyewe, hutoa mwako mdogo wa kupima kabla shata haijafunguka. Jicho la taa halijui kupima ni nini. Limeona mwako, limewaka. Shata inapofunguka, taa imeshamaliza kazi na inajaza chaji. Jicho la binadamu haliwezi kutenganisha miwako hiyo miwili, ndiyo maana mpiga picha anaapa kwamba taa imewaka kwa wakati, naye hasemi uongo.

Dawa yake ni kuiweka flashi ya kamera kwenye hali ya mkono, ambapo haitoi mwako wa kupima, na kuishusha hadi nguvu ya chini kabisa. Taa nyingi za Godox zina hali mbili za jicho, S1 na S2, na hiyo ya pili imetengenezwa kuuruka mwako wa kwanza na kuitikia unaofuata. Zima pia kizuia macho mekundu. Kama Canon yako ndogo haina hali ya mkono kwa flashi yake, iko njia nyingine ninayoipenda: bonyeza kitufe chenye alama ya nyota. Kamera inatoa mwako wa kupima hapohapo na kuuhifadhi. Taa za studio zitawaka bure. Zisubiri zijaze, kisha piga picha kabla kipimo hakijafutika. Safari hii kamera haipimi tena, na kila taa inawaka shata ikiwa wazi. Kwa kazi ya siku nzima njia hii inachosha, ila imeokoa picha za watu ambao triga yao iliharibika katikati ya shughuli.

Picha zinazopishana, moja ina mwanga mzuri na inayofuata imefifia, ni habari ya kujaza chaji. Umebonyeza kabla taa haijajaa. Washa mlio wake, usubiri kuusikia. Umeme wa mtaa ukishuka jioni, taa za kuchomeka ukutani huchukua muda mrefu zaidi kujaa, na mpiga picha anayefuata mwendo wake wa asubuhi ataanza kupata picha hafifu bila kubadilisha kitu.

Kwenye kumbi za harusi giza la kupishana lina sababu nyingine. Timu mbili zimekuja, moja ya bwana harusi na moja ya bibi harusi, zote zina triga za aina moja, na zote ziko kwenye chaneli ya 1 kama zilivyotoka dukani. Kila mwenzako anapobonyeza, taa zako zinawaka na kuanza kujaza, na bibi harusi anapoingia wewe unabonyeza taa zikiwa tupu. Hamisha chaneli, na kama triga yako ina namba ya utambulisho, iweke pia. Ni jambo la adabu vilevile kumfuata mwenzako mapema na kumwambia, "Kaka, mimi niko chaneli ya 14, wewe uko ngapi?" Kama taa iko karibu nawe sana na bado inaruka picha, tazama mpangilio wa umbali kwenye triga. Baadhi zina chaguo la mita 0 hadi 30, na likiwa halijachaguliwa, taa iliyo hatua mbili kutoka kwako inaweza kukosa amri ambayo ya mbali imeisikia.

Nimeliacha la mwisho linaloweza kuharibu kamera kweli. Taa za mitumba zinazoingia kwa makontena, nyingine za tangu enzi za filamu, huweka umeme wa volti nyingi kwenye waya wake wa kuunganishia kamera, wakati mwingine zaidi ya volti 200. Vitabu vya Nikon vinaonya dhidi ya kuzidi volti 250 kwenye kitako, na Canon wana onyo la volti 250 kwa tundu la ubavuni. Zipo kamera za kidijitali za mwanzo ambazo hazivumilii hata sehemu ndogo ya hizo. Kabla hujaunganisha taa usiyoijua, iwashe, iache ijae, pima volti za moja kwa moja kwa mita kwenye ncha ya plagi ya waya huo. Ukikosa mita, tumia triga ya redio ili waya wa taa uishie kwenye kipokezi. Kikiungua kipokezi, kamera imesalimika.

Na taa isiyowaka kabisa, hata kwa kitufe chake yenyewe, baada ya kubadilisha fyuzi na kukagua balbu ya mwako, usiifungue. Kapasita zilizomo ndani hubaki na mamia ya volti hata baada ya kuchomoa waya ukutani, na chaji hiyo inaweza kuua. Mpelekee fundi anayejua kuiondoa kwanza, na umuulize ataiondoaje kabla hujamwachia.